Majivu ya Majirani

Wewe uliyekuja kunisikiliza, usikae hapo. Hamia upande huu, upepo unakotoka. Najua leo hapa kwangu hakuna moto mwingine zaidi ya jiko la chai, lakini mtu aliyefanya kazi ya tanuri maisha yake yote hawezi kumkalisha mgeni upande wa moshi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa, na nililifundishwa kwa kuchekwa.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Dongobesh, wilaya ya Mbulu, kwenye tanuri la matofali na vigae. Nilifika asubuhi nikiwa nimevaa shati jeupe la kanisani, kwa sababu mama alisema mtu huenda kazini akiwa nadhifu. Nikasimama karibu na mdomo wa tanuri, yaani lile tundu la chini linalolishwa kuni, nikingoja kuambiwa la kufanya. Upepo ukageuka. Moshi ukanifunika mpaka machozi yakanitoka. Msimamizi wa Tanuri, mzee mfupi mwenye nyusi zilizoungua, alikuwa amekaa upande wa pili juu ya matofali, ananitazama.

"Shikamoo," nilisema katikati ya kikohozi.

"Marahaba. Umekuja kujifunza kuchoma, au umekuja kuchomwa?"

"Kujifunza, mzee."

"Basi kila ukifika, uliza kwanza upepo unatoka wapi. Na hilo shati kalivue, mama yako asije kunidai sabuni."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao baada ya muda. Kwa miaka mingi waliniita Shati.

Kama hujawahi kuona tanuri likichomwa, nitakueleza polepole. Matofali mabichi yakishakauka juani hupangwa kwa kuachiana nafasi ya upana wa kidole, ili moto upate njia ya kupanda. Chini huachwa vichochoro virefu, na kila kichochoro kina mdomo wake. Nje tanuri lote hukandikwa udongo, joto lisitoroke. Kisha huanza moto mdogo. Vijana wengi hudhani tofali lililokauka juani limekauka kweli, lakini ndani lina maji bado, na ukilipa moto mkubwa mapema maji hayo hulipasua. Msimamizi alinifundisha kupima kwa panga. Unapanda juu, unaweka ubapa wa panga baridi kwenye tundu la moshi, unahesabu pumzi chache, unautazama. Ukitoka na unyevu, endelea na moto mdogo. Ukitoka mkavu, hapo sasa ongeza. Baada ya moto mkubwa midomo huzibwa, na tanuri huachwa siku kadhaa lipoe lenyewe, bila mtu kuligusa.

Siku ya kulifungua ndiyo nataka uikumbuke, maana hadithi yangu yote iko hapo. Majirani walikuwa wakija na madebe, vibuyu na magunia, wanasimama kando kimya. Tajiri mwenye matofali naye amekwisha kufika na lori lake. Msimamizi hakuruhusu hata tofali moja litoke kabla majivu hayajagawiwa.

"Huyu tajiri ana matofali yake," alituambia. "Hawa wamekula moshi wetu wiki nzima hawajalalamika. Majivu ni yao."

Akigawa, alianza na yule ambaye shamba lake lilitoa udongo, kisha walio upande unakoelekea upepo, kisha wengine. Akina mama waliyachanganya na maharage wakati wa kuhifadhi, wadudu wasiyale. Wengine waliyapeleka bustanini. Wafugaji waliyachanganya na chumvi ya magadi wakawapa ng'ombe walambe wakati wa kiangazi, malisho yanapokuwa hayana kitu. Yalikuwa majivu ya kuni tupu, mepesi na meupe. Sikuwahi kusikia yamemdhuru mtu wala mnyama.

Kituo changu cha pili kilikuwa Haydom. Mji ule ulikuwa unakua haraka. Wagonjwa walikuja hospitalini kwa mabasi kutoka mbali, na ndugu zao walihitaji mahali pa kulala, kwa hiyo kila mwenye kiwanja alijenga vyumba vya wageni. Tulichoma tanuri baada ya tanuri. Mimi nikawa msaidizi wa Msimamizi wangu, maana naye alihamia huko, na alipostaafu yeye, kazi yake nikapewa mimi. Alinikabidhi panga lake la kupimia unyevu, akasema maneno mawili tu: "Usiwasahau majirani."

Sikuwasahau. Ndiyo maana nakueleza haya nikiwa na uchungu, kwa sababu kosa nililofanya halikutokana na kuwasahau.

Kuni ziliendelea kuwa mbali. Nilipoanza kazi tulizifuata kwa miguu, baadaye kwa mkokoteni wa ng'ombe, mwishowe kwa lori, na vilima tulivyokuwa tukivitazama vikiwa na miti vikabaki na nyasi na mawe. Sisi wachoma matofali tulichangia sana, siwezi kukuficha. Tulijaribu magunzi ya mahindi na mabua, lakini moto wake hupanda haraka na kuzimika haraka, tofali halikai kwenye joto muda wa kutosha. Nilipohamishiwa Mogitu, wilaya ya Hanang, kuwa Msimamizi wa Tanuri katika kiwanda kipya, vibali vya kukata miti vilikuwa karibu vimekwisha.

Meneja wa kiwanda hicho alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Asubuhi moja alinipeleka nyuma ya ghala, akanionyesha lundo la matairi chakavu ya mabasi na malori na mapipa ya oili chafu, ile inayomwagwa gereji.

"Boay, kuni zako hizo hapo."

"Meneja, hizo ni takataka."

"Ndiyo. Na barabara hii ya lami inatuletea kila siku. Anakuja mhandisi kutufundisha."

Mhandisi alikuwa mwanamke kijana, mpole, aliyemwamkia kila mtu mzima pale kiwandani kuanzia kwa mlinzi. Alitueleza kwamba katika matanuri makubwa ya saruji matairi yanatumika kama kuni, na kwamba huko joto ni kali kiasi kwamba hata chuma kilichomo ndani ya tairi huungana na saruji yenyewe, hakuna majivu ya kutoa nje. "Lakini hili lenu ni tanuri dogo la wazi," alisema. "Chuma kitabaki. Masizi yatabaki. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu." La kwanza, tusitupie tairi kabla tanuri halijawa jekundu ndani, kwa kuwa tanuri baridi hutoa moshi mweusi na tanuri la moto hula sehemu ya moshi wake. La pili, tusichome upepo ukielekea kwenye nyumba. La tatu, majivu yote yazikwe kwenye shimo lililosakafiwa udongo wa mfinyanzi, asipewe mtu.

Hilo la tatu lilinikaa vibaya. Nilimfuata pembeni.

"Mwanangu, hapa majivu hugawiwa majirani."

"Najua, baba, nimeambiwa. Ila haya si majivu yale mliyoyazoea."

"Nikiyachekecha nikatoa waya?"

Alifikiri. "Waya siyo jambo pekee, baba. Yazikeni."

Nilimwitikia. Akaondoka na gari lake, nasi tukachoma.

Ngoja nikuambie ukweli kuhusu moshi. Sharti la kwanza tulilifuata mara nyingi, la pili mara chache, maana upepo wa chini ya mlima Hanang haungoji ratiba ya meneja. Nguo zilizoanikwa ziliingia madoa meusi. Mama Neema, mjane aliyelima mahindi na maharage jirani kabisa na kiwanda, aliniambia uji wake unanuka kandambili. Alisema huku akicheka, lakini alisema.

Basi siku ya kufungua tanuri la kwanza la matairi, majirani walikuja na madebe yao kama siku zote. Nikawatazama. Walikula moshi mbaya kuliko wote niliowahi kuwalisha watu, na mimi niwaambie rudini mikono mitupu? Niliona aibu. Nikawaambia wangoje. Nikachukua wavu wa kuchekechea mchanga, nikatoa zile nyaya nene za ukingo wa tairi na zile nyembamba zilizosongamana kama nywele. Kilichopita chini kilikuwa laini, cha kijivu. Nikakishika kwa vidole, nikaridhika. Nikagawa, nikianza na Mama Neema.

Meneja aliona. Akaendelea kuhesabu matofali. Shimo la mhandisi likajaa maji ya mvua na vyura.

Mmoja wa waliopokea alikuwa Gidahoda, mfugaji wa Getanuwas. Tulikuwa rika moja. Alikuja na punda wake kila tulipofungua tanuri, na kwa miaka kadhaa hakuna mtu nje ya nyumba yangu niliyezungumza naye zaidi ya yeye.

"Habari za moto?" angeuliza.

"Unakula. Habari za ng'ombe?"

"Nao wanakula. Tofauti ni kwamba wangu wananipa maziwa, wako unakupa kikohozi."

Baada ya mavuno, ng'ombe wake walikuja Mogitu kula mabua katika shamba la Mama Neema. Yalikuwa mapatano ya zamani, tangu mume wake akiwa hai: ng'ombe wanapata chakula, shamba linapata mbolea, na mama anapata maziwa. Shamba lake lilikuwa na uzio wa waya upande wa barabarani.

Gidahoda alikuwa na ng'ombe mmoja wa kijivu, jike, wa ukoo aliopewa na mama yake. Ndiye aliyetangulia wengine kwenda majini. Kiangazi kimoja ng'ombe huyo akaacha kula. Akawa anasimama ametanua miguu ya mbele, anaguna akiteremka mteremko. Shingo ikavimba chini. Akafa. Bwana Mifugo, yaani mtaalamu wa mifugo wa eneo letu, alimpasua, akakuta waya umetoboa tumbo na kufika kwenye moyo.

Gidahoda aliniletea waya huo umefungwa kwenye kipande cha ngozi. Hakuja na punda. Alikuja kwa miguu.

"Boay, wewe ni mtu wa vyuma na moto. Nakuuliza. Huu ni waya wa nini?"

Nikauweka kiganjani. Ulikuwa mwembamba, urefu wa kidole, umeliwa na kutu, umepinda kidogo. Moyo wangu uliujua kabla sijafikiri. Lakini nilikuwa nimechekecha, si ndiyo? Nilijishika hapo. Nikasema, "Labda wa uzio."

Alinitazama kidogo. "Uzio wa Mama Neema?"

"Sijui. Labda."

"Haya," akasema. "Kama wewe umesema."

Alipoondoka nilikwenda ghalani. Kulikuwa na spika ya redio mbovu. Nikaivunja, nikatoa sumaku yake, nikaifunga kamba, nikaiburuta katika lundo la majivu niliyokwisha kuyachekecha. Ilitoka na ndevu. Nyaya fupi, nyembamba, zimesimama juu ya sumaku kama ndevu za mzee. Hapo nikaelewa nilichokosea. Wavu huzuia waya uliolala. Waya mwembamba ukisimama wima hupita kwenye tundu kama sindano kwenye kitambaa, na kila unapotikisa wavu ndivyo unavyousaidia kusimama. Na ng'ombe, wewe unajua, halambi kwa kuchagua.

Nilimwendea Meneja na sumaku ile mkononi.

"Meneja, tumeua ng'ombe wa watu."

Aliitazama muda mrefu. "Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

"Acha kugawa. Zika kuanzia leo. Lakini ukianza kutangaza, tanuri litafungwa, na hawa vijana wote nitawapeleka wapi? Wa kwako mmoja yumo."

Kweli, mwanangu wa pili alikuwa mpanga matofali. Sitaki kumtwisha Meneja mzigo wote. Aliniambia ninyamaze, lakini mdomo ulikuwa wangu. Na nilikuwa na sababu yangu nyingine ambayo sikumwambia hata mke wangu: kwa maisha yangu yote watu walinijua kama mtu wa kugawa majivu. Nilisalimiwa kwa ajili hiyo. Nikaacha kugawa, nikasema tanuri siku hizi halitoi majivu ya kutosha, nikanyamaza msimu mzima. Magunia niliyokwisha kuyagawa yalibaki kwenye maboma ya watu.

Ng'ombe wengine wawili wa Gidahoda walikufa vilevile. Yeye alikuwa bado anawalambisha akiba yake ya majivu.

Wakati wa mavuno alikataa kuleta ng'ombe kwa Mama Neema. Akapeleka neno kwa wazee kwamba uzio wake unaua. Mama Neema aling'oa uzio wote kwa mikono yake, akausukumia barabarani, na mbuzi wa wapita njia wakaingia katika maharage yake. Bado Gidahoda hakurudi. Kikao kikaitwa. Nilialikwa kama mtu mzima wa pande zote mbili, wa kusaidia kupatanisha. Fikiria hilo.

Tulikaa uwanjani karibu na zizi. Mama Neema alizungumza kwanza.

"Shemeji yangu Gidahoda alikunywa maji kwangu tangu watoto wangu hawajaota meno. Uzio ule aliuchimbia nguzo yeye na marehemu. Leo umekuwa mwuaji?"

"Mimi sikusema kwa akili yangu," Gidahoda akajibu. "Niliuliza mtu anayejua."

Hakunitaja. Wala hakugeuka kunitazama. Alikuwa ananilinda, akidhani ananificha mbele ya Mama Neema kwa kuwa nilisema ukweli.

Nilisimama. Nilikuwa na sumaku mfukoni. Nilitembea nayo tangu siku ile, sijui kwa nini. Niliomba liletwe gunia la majivu kutoka kwa Gidahoda. Likaletwa. Nikaizamisha sumaku, nikaipitisha, nikaitoa, nikaishikilia watu waione. Kisha nikasema kila kitu, kama nilivyokueleza wewe: matairi, mhandisi, wavu, jibu langu.

Mzee mmoja akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ileile."

Gidahoda alikuwa amekaa na fimbo yake magotini. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nilikuuliza."

Wazee walinitoza mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, nami nikamtoa kwa moyo wote. Gidahoda akampokea kwa sababu wazee wamesema. Alirudisha ng'ombe wake kwenye mabua ya Mama Neema mwaka huohuo, na hilo linanipa usingizi. Mimi nilichukua toroli nikazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya majivu niliyowagawia. Watu walicheka, "Boay anadai majivu yake." Mama Neema alinirudishia debe lililochanganyika na maharage, akasema, "Yahesabu, usije ukasema nimebakiza." Maharage yale nayo nilimwomba yasipikwe, nikampa mengine ya shambani kwangu. Yote tuliyazika katika shimo la mhandisi, baada ya kuwatoa vyura.

Tanuri halikufungwa. Meneja alihamishwa, akaja mwingine, akajenga banda la majivu lenye kufuli. Nami nilifikia umri nikastaafu. Waliniaga kwa soda na hotuba, wakanisifu kwa kuhifadhi miti. Ni kweli, baadhi ya vilima vimeanza kuota tena, na sisemi kuchoma taka ni kosa kila mahali. Mahali penye tanuri linalofaa na watu wanaofuata masharti, huenda ni jambo jema. Sisi tulikuwa na tanuri dogo, na mimi nilichukua desturi njema ya kuni nikauvisha moto mwingine bila kuuliza kama inauenea.

Gidahoda yu hai. Tunakutana mnadani Katesh. Ananisalimu vizuri, anaulizia kikohozi changu, ananisimulia habari za mvua. Yule mtamba amezaa, ananiambia na hilo. Lakini tangu siku ya kikao hajawahi kuniuliza jambo lolote ambalo hajui jibu lake. Zamani aliniuliza kila kitu, kuanzia bei ya bati mpaka jina la kumpa mjukuu. Panga la Msimamizi wangu nimelitundika pale ukutani. Sumaku iko chini yake.

Wewe kijana unayeingia kazi hii ya tanuri, nakutakia heri, na ninaamini utaifanya vizuri kuliko mimi. Shika hili moja. Mtu akikuomba majivu, muulize kwanza mchomaji nini kilichochomwa. Kama ni kuni tupu, toa sumaku ya spika mbovu, ifunge kamba, ipitishe ndani ya majivu polepole mara tatu, chini mpaka juu, kisha ifute kwa kitambaa cheupe na ukitazame kitambaa. Ukiona waya hata mmoja, au ukisikia palichomwa tairi, plastiki au oili, usimpe mtu: chimba shimo mbali na maji, likandike udongo wa mfinyanzi, uyafukie, na umweleze aliyeomba sababu siku hiyohiyo.